Katoka Nani, na Katokaje?

Kwa kinyozi mmoja pale Langas, mjini Eldoret, kalenda ya mwaka uliopita imegeuzwa kisogo ikawa ubao. Katikati umepigwa mstari kwa kalamu ya wino mzito. Kushoto pameandikwa K'Ogalo, kulia Ingwe, na chini ya kila jina pana neno moja: WANAINGIA. Mwenye duka ni wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, kijana anayemsaidia ni wa Ingwe, yaani AFC Leopards, na wiki zile za kuelekea msimu wa 2025/26 kila mteja aliyeketi alitakiwa kuchangia jina alilolisikia redioni, kwenye simu, au kwa shemeji yake wa Nairobi. Mengine yalikuwa na alama ya kuuliza. Moja liliandikwa "Mghana", basi, halina la baba wala la ukoo.

"Shem, mwaka huu mtalia," alisema wa kushoto huku akipuliza nywele zilizonasa kwenye mashine.

"Tumelia tangu tisini na nane, shem," akajibu wa kulia. "Machozi yamekauka."

Nilikuwa nimefungwa shuka shingoni, siwezi kugeuka, kwa hiyo ubao niliusoma kwenye kioo, herufi zikiwa kinyumenyume. Labda ndiyo sababu niliiona kasoro yake. Hakuna safu ya wanaotoka. Na hivyo ndivyo usajili unavyochambuliwa karibu kila mahali, kuanzia kwa kinyozi hadi kwenye vipindi vya michezo: tunahesabu mizigo inayoshushwa stendi, ile inayopakiwa haina mwandishi. Mimi naona tumeshika kitabu juu chini. Ukitaka kujua nani kati ya mahasimu hawa ameimarika kabla ya mpira kuanza, pitia mlango wa nyuma kwanza. Katoka nani? Na katokaje: aliuzwa, mkataba uliisha, au alichoka kungoja mshahara akaandika barua?

Mtu wa Eldoret ana sababu ya kuliona hili mapema, kwa maana mji huu ulikuwa na timu zake ukazipoteza kwa mlango huo huo. Kijana aliyezaliwa baada ya 2000 hushangaa akiambiwa kwamba Rivatex, timu ya kiwanda cha nguo, ilitwaa kombe la taifa la mtoano mwaka 1990, ikalitwaa tena 1995, na kwamba miaka miwili baadaye, 1997, likaja tena mjini mikononi mwa Eldoret KCC, timu ya watu wa maziwa. Mara tatu katika miaka minane, na wakati huo Eldoret haijaitwa jiji. Ujiji ulikuja Agosti 2024, timu za kuutambia zikiwa zimeshakuwa hadithi.

Usajili wa enzi hizo haukuwa na wakala wala picha ya mtu ameshika jezi. Mchezaji alionwa kwenye mashindano ya shule au ya wilaya, akafuatwa, akaahidiwa kazi. Kazi ndiyo iliyokuwa ada ya usajili. Asubuhi anapiga kadi getini kama wafumaji na watia rangi, mchana anapewa ruhusa ya kwenda mazoezini, mwisho wa mwezi anasimama foleni moja na wenzake. Goti likimkatalia akiwa na miaka 28, bado ana meza yake stoo. Kwa hiyo klabu kubwa ya Nairobi ilipomtaka mchezaji wa Rivatex, ilikuwa inamtaka aache mshahara wa kiwanda afuate sifa za Gor au Leopards. Wapo waliokwenda, maana sifa nazo zina utamu wake. Wengi walipiga hesabu ya watoto na karo wakabaki.

Kisha viwanda vikaanguka. Nguo za kutoka nje na mitumba viliminya soko la pamba, KCC ikazama kwenye madeni huku wafugaji wakidai fedha za maziwa, na miaka ya mwisho ya tisini ikaondoka na vyote viwili. Timu zilikufa pamoja na kadi za getini. Serikali iliifufua KCC mwaka 2003 kwa jina la New KCC, na Chuo Kikuu cha Moi kikaichukua Rivatex mwaka 2007, mitambo ikaja kuunguruma tena baadaye. Ligi kuu haikuwaona tena wala Rivatex wala KCC. Kilichobaki ni mashabiki wasio na timu, na shabiki asiye na timu hupanga nyumba ya jirani: huyu Gor, yule Ingwe, wengine Manchester na Arsenal kabisa.

Tuanze na Gor basi, maana kumbukumbu yake ya miaka kumi ni darasa tosha.

Mwaka 2015 K'Ogalo ilimchukua Michael Olunga kutoka Thika United. Katikati ya mwaka akaongezeka Meddie Kagere. Chini ya kocha Frank Nuttall wa Uskoti, Gor ikamaliza ligi bila kupoteza hata mechi moja, Olunga akiwa na mabao 19. Msimu wa namna hiyo humfanya kila shabiki aamini kwamba klabu imejua kusajili. Lakini tazama mlango. Mwanzoni mwa 2016 Olunga alikwenda Djurgården ya Sweden, safari iliyomfikisha Girona ya Hispania na baadaye Japani, ambako mwaka 2020 alifunga mabao 28 akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Kagere naye akaenda Albania. Gor ikamleta Jacques Tuyisenge kutoka Rwanda, mshambuliaji hodari kweli, na kwenye ubao wa kinyozi yeyote wa mwaka ule jina lake lingetosha kuandikwa kwa wino mwekundu. Ubingwa wa 2016 ulikwenda Tusker. Tuyisenge hakuwa na kosa. Ulikuwa ni msimu wa kuvaa viatu vya watu wawili kwa miguu ya mtu mmoja, tena mgeni.

Linganisha na 2018. Kagere alikuwa amerudi Gor mwaka 2017 na ubingwa ukarudi naye. Katikati ya 2018 Simba wakamnyakua, akaenda kuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo. Kwa hesabu ya 2016 Gor ilipaswa kuyumba, lakini ilichukua ubingwa. Tofauti ni kwamba safari hii aliyeziba pengo hakushushwa kwenye ndege wiki mbili kabla. Tuyisenge alikuwa ndani ya nyumba kwa zaidi ya miaka miwili, anajua Francis Kahata anapiga pasi kwa mguu gani na Harun Shakava anapanda lini kwenye kona. Mwaka uliofuata timu hiyo ikafika robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika.

Ndipo ikaja Agosti 2019. SportPesa, kampuni ya kamari iliyokuwa ikizidhamini Gor na Leopards zote mbili, iliingia kwenye mvutano na serikali kuhusu leseni na kodi, ikafuta udhamini wake wote wa michezo nchini. Tuyisenge alikuwa anaelekea Petro de Luanda ya Angola, Kahata Simba, Shakava Nkana ya Zambia. Mwaka mmoja baadaye beki Joash Onyango akamfuata Kahata Msimbazi, na Dickson Ambundo naye akavuka kwenda Dodoma Jiji. Gor ilikabidhiwa ubingwa wa 2019/20 ligi ilipokatishwa na Korona, na sisi mashabiki tukaona mambo bado ni shwari. Lile taji lilikuwa mwanga wa nyota iliyokwisha kuzimika. Misimu miwili iliyofuata, 2020/21 na 2021/22, bingwa alikuwa Tusker.

Mara ya tatu ni ya juzi. Jonathan McKinstry wa Ireland ya Kaskazini alipata kikosi cha vijana wengi na pesa chache, akachukua ubingwa wa 2022/23, akaurudia 2023/24, Benson Omala akifunga mabao 26 msimu wa kwanza na 19 wa pili. Hilo la pili lilikuwa taji la 21 la Gor. Kiangazi cha 2024 McKinstry akaenda kuifundisha timu ya taifa ya Gambia na Omala akapanda ndege ya Lebanon. Mwisho wa msimu wa 2024/25 kombe lilikuwa mikononi mwa Polisi, yaani Kenya Police.

Weka miaka hiyo pamoja: 2016, 2021, 2025. Kila Gor ilipopoteza ubingwa iliokuwa nao, kabla ya hapo ilikuwa imepoteza mhimili: mfungaji wake, au beki na kiungo, au kocha pamoja na mfungaji. Sisemi kwamba kila anayeondoka anaondoka na kombe, 2018 ipo inakataa. Nasema kwamba tulikuwa na ishara miezi tisa mapema, na tulikuwa tunaandika jina la Mghana.

Shabiki wa Ingwe ananuna hapa, na ana haki, maana nimezungumza kama vile nyumba ni moja. Klabu yake ni ya 1964, kongwe kuliko Gor kwa miaka minne, na taji lake la mwisho la ligi ni la 1998. Tangu hapo imepata makombe ya mtoano, yakiwemo la 2013 na la 2017. Kwenye upande wa kusajili haikuwa mvivu. Kuna misimu ilibadilisha nusu ya kikosi na kocha juu yake. Ukikusanya majina yote yaliyovaa ile jezi ya buluu na nyeupe baada ya 2010 unaweza kuunda ligi ndogo. Shida ni hiyo hiyo. Timu inayosajili watu kumi na watano kila mwaka haijaimarika mara kumi na tano. Imekiri kwamba kumi na watano wa mwaka jana wameondoka.

Udhamini ulipokatika 2019, Leopards iliumia zaidi kwa sababu haikuwa na mchezaji wa kuuza kwa haraka. Kocha wake Mnyarwanda, André Casa Mbungo, aliondoka mwisho wa mwaka huo akidai mishahara yake, na dai lake likafika FIFA. Hapo ndipo panapohitaji maelezo, kwa sababu mashabiki wengi husema "FIFA imetufungia" kama mtu anayesema mvua imemnyeshea.

Kanuni za uhamisho za FIFA zina kifungu kilichoongezwa mwaka 2018: klabu ikishindwa kumlipa mchezaji mishahara ya miezi miwili, yeye akaiandikia na kuipa angalau siku 15 za kulipa, nazo zikapita, anaweza kuvunja mkataba kwa haki na kuondoka huru. Akiondoka hivyo klabu haipati senti. Tena inabaki na deni la ile mishahara, na huenda ikaongezeka fidia ya muda uliobaki kwenye mkataba. Isipolipa, inazuiwa kusajili mpaka ilipe. Ona mzunguko wenyewe. Huna pesa, kwa hiyo humlipi. Humlipi, kwa hiyo anaondoka bure. Ameondoka bure, kwa hiyo huna pesa ya kumrithi. Na hata ukizipata, dirisha limefungwa kwa sababu yake. Gor na Leopards zote zimewahi kuzuiwa hivyo kwa vipindi tofauti baada ya 2020. Mwaka 2023 Gor, ikiwa bingwa wa nchi, haikucheza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa sababu ya madeni ya wachezaji wa zamani. Waliotoka zamani walikuwa wamerudi kukaa mlangoni.

Kwa Leopards kizuizi kilikuwa na tunda moja ambalo hakuna aliyelipanda kwa makusudi. Patrick Aussems, Mbelgiji aliyewahi kuipa Simba ubingwa, alifika Nairobi 2021 na akajikuta hana ruhusa ya kununua. Akachezesha watoto. Mmoja wao, Collins Sichenje, aliuzwa AIK ya Sweden mwaka 2022, kisha akahamia Vojvodina ya Serbia. Kwenye safu ya WANATOKA jina kama hilo ni la kujivunia: ameondoka kwa mkataba, kwa bei, na njia ameiacha wazi kwa mwingine. Ningekuwa mwenye Leopards, nisingejali sana nani anaingia. Ningeuliza Sichenje wa pili yuko wapi, na mkataba wake unaisha lini.

Kwa upande mwingine kuna Elvis Rupia. Huyu alikuwa mashine ya mabao ya Ingwe msimu wa 2020/21 hadi alipoondoka kwenda Saudi Arabia. Aliporudi Kenya hakurudi Leopards. Alivaa jezi ya Kenya Police, na msimu wa 2022/23 akafunga mabao 27, akivunja rekodi ya mabao 26 ambayo Maurice Ochieng "Sonyi" wa Gor aliiweka mwaka 1976. Rekodi iliyodumu miaka 47, iliyokuwa mali ya Gor, ilivunjwa na mtu aliyetoka Leopards, akichezea timu ambayo mwaka 2020 haikuwa kwenye ligi kuu. Baadaye akaenda Singida, Tanzania. Nikitakiwa kueleza soka la Kenya la miaka hii kwa mtu mmoja, nitamtaja Rupia nikanyamaza.

Polisi ndio mtu wa tatu ambaye ubao wa Langas haujampa hata mstari. Walipanda ligi kuu 2021. Mwaka 2024 wakachukua kombe la mtoano, na 2025, wakiwa na kocha Mrundi Etienne Ndayiragije, wakachukua ligi kwa mara ya kwanza. Angalia nani wamepita kwao: Rupia wa Leopards, Kahata aliyekuwa moyo wa Gor, Kenneth Muguna aliyekuwa nahodha wa Gor kabla ya kwenda Azam. Wachezaji ambao mahasimu wawili waliwafanya majina, wakashindwa kuwaweka, wakaenda nje, na waliporudi wakachagua mahali ambapo tarehe ya mshahara inajulikana.

Mimi ninapowatazama Polisi naiona Rivatex. Mchezaji yuko chini ya taasisi, na taasisi haiangalii mlango wa uwanja ulikusanya nini Jumapili. Pitia orodha ya ligi kuu ya 2025/26 uone ni wangapi wanasimama kwa mguu huo: Polisi, Ulinzi Stars wa jeshi, KCB wa benki, Posta Rangers, Bandari, Tusker wa bia, Bidco wa mafuta ya kupikia, na sasa APS Bomet, askari wa utawala kutoka Bonde la Ufa hili hili letu. Gor na Leopards ni klabu za wanachama, na uanachama wenyewe umejaa mapenzi kuliko ada. Kwa hiyo tunapowalinganisha wao kwa wao, tunalinganisha vilema wawili nani anakimbia zaidi, wakati barabarani kuna watu wenye baiskeli.

Ila sitaki kuwapamba Polisi kupita kiasi, nikiwa mtu wa Eldoret. Baiskeli hiyo tuliwahi kuiendesha. Siku mwenye kiwanda anapobadilisha mawazo, au bajeti inapokatwa, timu ya taasisi haina shabiki wa kuichangia hata nauli. Leopards imekaa karibu miaka thelathini bila ubingwa na ingali hai, Langas ingali inaitetea. Rivatex ilikuwa na vikombe viwili, na haikumaliza muongo baada ya kile cha pili.

Mashemeji wenzetu wa Dar es Salaam wanafanya nini? Usajili wa Simba na Yanga ni mchezo wa pili, una jukwaa lake, una siku zake: Simba Day na Wiki ya Mwananchi, uwanja unajaa kutazama watu wakitambulishwa. Mwaka 2024 Clatous Chama alivuka kutoka Simba kwenda Yanga na nchi ikapata la kusema mwezi mzima. Ukipunguza makelele utaona mlango wao wa nyuma unafanya kazi. Simba ilimuuza Luis Miquissone kwa Al Ahly mwaka 2021. Yanga ilimwachia Fiston Mayele kwenda Pyramids 2023, na Stephane Aziz Ki kwenda Wydad 2025. Nyuma yao kuna matajiri, Mohammed Dewji kule na GSM huku, na kuna mkataba wa Azam wa haki za matangazo uliotiwa saini 2021, wa miaka kumi na Sh bilioni 225.6 za Tanzania. Kenya iliipoteza SuperSport mwaka 2017, ikahangaika, na Azam huyo huyo akaja kurusha ligi yetu kuanzia 2023 kwa kiasi kidogo zaidi.

Matokeo yake yako wazi kwenye majina. Kagere, Kahata, Onyango, kisha Duke Abuya wa Yanga, na kiangazi cha 2025 Mohammed Bajaber kutoka Polisi kwenda Simba. Huyu wa mwisho ananifanya nitulie kidogo: hata Polisi, bingwa mwenye mshahara wa uhakika, ana mlango wa nyuma, na unafunguka kuelekea kusini. Kiangazi hicho hicho Ryan Ogam aliondoka Tusker kwenda Wolfsberger ya Austria. Mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, ambayo Kenya ilifika robo fainali kabla ya kutolewa na Madagaska kwa penalti, yalikuwa gulio. Kila mchezaji wa ndani aliyeng'ara Kasarani alikuwa ameshapimwa na watu wenye daftari.

Sasa msimu wenyewe wa 2025/26. Gor ilimleta Charles Akonnor, Mghana aliyewahi kuinoa Black Stars, na huenda ndiye aliyeanzisha ule uvumi wa "Mghana" kwenye ubao. Leopards ilibaki na Fred Ambani, mtoto wa nyumbani aliyeivaa jezi yenyewe. Shabiki wa kawaida atasema Gor ilifanya jambo kubwa zaidi. Mimi naliona kwa jicho lingine. Tangu Nuttall hadi Steven Polack, yaani kutoka 2015 hadi 2020, Gor ilipita mikononi mwa makocha watano wa kigeni, na kila mmoja alikuja na watu wake na kuwaona wa mwenzake hawafai. Kocha mpya ni usajili wa watu wanne: yeye, wawili atakaowataka, na mmoja atakayemkasirisha akaondoka. Ambani kubaki pale alipokuwa ulikuwa usajili ambao hauna picha, na kwa kipimo changu uliipa Leopards nafuu mwanzoni mwa msimu ambayo haikuwa imeipata kwa muda mrefu. Nafuu hiyo ilikuwa na masharti. Mishahara ikichelewa miezi miwili, ile saa ya siku 15 inaanza kugonga, na kocha hawezi kuizuia kwa mapenzi ya klabu.

Kwa hiyo nikipewa majina ya vikosi viwili kabla ya mechi ya kwanza, sianzi na wageni. Natafuta mhimili: kipa, mabeki wawili wa kati, kiungo wa kukata na mfungaji. Wangapi kati ya hao watano walicheza pamoja msimu uliopita? Wakiwa wanne, timu iko salama hata kama imesajili watu ambao huwezi kuyatamka majina yao. Wakiwa wawili, hata ukimleta nani, utangoja hadi Desemba waanze kuelewana, na mpaka Desemba Polisi atakuwa mbele kwa pointi saba. Halafu naangalia mikataba inayoisha Juni ijayo, maana mchezaji aliyebakiza miezi sita anaruhusiwa kusaini kwingine, na kuanzia Januari mwili uko uwanjani, akili iko Dar.

Kuna pesa nyingine inayopita mlangoni na sisi hatuioni. Mchezaji akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ada akiwa na mkataba, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. FIFA wanaiita malipo ya mshikamano. Kule Kitale, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa, kuna shule ya St. Anthony's ambayo imelea wachezaji wa nchi hii kwa miongo, na kwa bahati ya ajabu jina lake la utani ni Solidarity. Kanuni inazungumzia klabu zilizosajiliwa na shirikisho, na shule ina kengele, haina leseni ya klabu. Mshikamano uko kwenye jina.

Nilirudi kwa kinyozi wiki tatu baadaye. Ubao ulikuwa umejaa, na pembeni, kwa mwandiko wa kijana wa Ingwe, ilikuwa imeongezwa safu ya WANATOKA, nadhani kwa sababu nilipiga domo sana siku ile. Upande wa Gor ulikuwa na majina sita, wa Leopards manane, na mbele ya kila jina alama: tiki kwa aliyeuzwa, mstari kwa aliyemaliza mkataba, alama ya kuuliza kwa asiyejulikana. Tiki zote, pande zote mbili, zilikuwa mbili.

"Mzee, umetuharibia starehe," mwenye duka aliniambia akinikung'utia shuka.

Mteja aliyekuwa anangoja, mwanafunzi aliyevaa sweta ya shule, aliutazama ubao akauliza kwa nini Eldoret haina upande wake. Uwanja wa Kipchoge Keino upo, akasema, ule ulioandikwa kwenye maombi ya AFCON 2027, ujenzi wake ukianza na kusimama miaka nenda rudi. Atacheza nani hapo?

Kijana wa Ingwe alichukua kalamu, akapiga mstari wa tatu chini ya kalenda, akaandika SISIBO kwa herufi kubwa, jina letu la mtaani. Chini yake akaandika WANAINGIA, akasita. Akaandika WANATOKA, na hapo wote watatu wakaanza kutaja majina kwa pamoja: yule wa Kapsoya aliyeko Ulinzi, yule wa Huruma aliyekwenda Bomet, mtoto wa mama mboga wa Munyaka aliyeonekana mara ya mwisho Kakamega. Karatasi iliisha kabla ya majina. Mwenye duka akaizima mashine, akaipangusa, akamwonyesha mwanafunzi kiti.